Hukumu ya Miguu: Ushairi wa Mashindano ya Ngoma katika Nchi ya Bariadi na Nafasi Yake katika Taaluma ya Kiswahili



Mtu anayeandika habari za sanaa za kila mwezi jijini Dar es Salaam hapati taabu kujua aanzie wapi. Kuna kumbi, kuna matangazo, kuna tiketi. Akihamia Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012 kutoka katika Mkoa wa Shinyanga, atalazimika kujifunza kalenda nyingine. Huko mpangaji wa ratiba ni mvua, na baada ya mvua ni pamba. Miezi ya kulima ina nyimbo zake, zinazoimbwa na vikundi vya wakulima jembe likiwa mkononi. Miezi ya baada ya mavuno, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo miezi ya mashindano. Kalenda ya serikali nayo imejishikiza hapo: Saba Saba na Nane Nane huangukia katika majira hayo hayo, na viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, vilipokea maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane mwaka 2018 na miaka miwili iliyofuata. Kanisa pia halikubaki nyuma. Sikukuu ya Bulabo, jina lenye maana ya maua, hufanyika Bujora karibu na Mwanza mwezi Juni, ikiambatana na sherehe ya Ekaristi, na urithi wake unatokana na juhudi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma mahali hapo.

Lakini sikuja kusoma ratiba. Nataka tuyatazame mashindano yenyewe.

Masimulizi ya Wasukuma yanawataja wacheza ngoma wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Wafuasi wa wa kwanza wakawa Bagika, na wa pili Bagalu. Uhasimu huo umeishi zaidi ya waasisi wake, na hadi leo vikundi vingi vya ngoma hujitambulisha kwa upande mmoja au mwingine. Siku ya mashindano pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, zikiwa zimetengana uwanjani. Watazamaji huenda wanakovutwa. Upande wenye watu wengi ndio ulioshinda.

Naomba tukae hapa kidogo, maana jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Katika nadharia tunazofundisha, hadhira ya fasihi simulizi huelezwa kuwa inaitikia, inapiga makofi, inauliza. Katika uwanja wa Bariadi hadhira inahukumu, tena kwa miguu, na hukumu yake yaweza kubatilishwa dakika kumi baadaye. Manju akilegea katika ubeti mmoja, atauona mgongo wa msikilizaji wake. Ndiyo sababu silaha zote hutumika: nyoka hai, mavazi, vichekesho, dawa za kuvuta watu (ambazo wenyewe huzichukulia kwa uzito kuliko sisi wasomi tunavyopenda kukiri), na juu ya yote, maneno. Wimbo hujisifu, humkejeli mpinzani, hutaja habari za mwaka huo, hutunga jina jipya la utani. Wimbo wa mwaka jana una nguvu ndogo. Kwa hiyo mashindano haya ni kiwanda cha utungaji kisichopumzika.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba haya ni mambo ya Kisukuma, na kwamba idara za Kiswahili hazina kazi nayo. Sikubaliani nao. Historia ya ushairi wa Kiswahili yenyewe imejaa mashindano ya namna hii. Muyaka bin Haji alijibizana na wapinzani wa Mombasa. Ngoma za beni zilizogawanyika katika Marini na Arinoti zilivuka kutoka pwani hadi bara. Katika miaka ya 1990 mashabiki wa taarabu jijini Dar es Salaam waligawanyika kati ya TOT na Muungano. Anayechunguza mipasho bila kujua lolote kuhusu Bagika na Bagalu anachunguza tawi moja la mti.

Upo pia upande wa lugha, ambao kwa mwanaisimu ndio unaonyima usingizi. Kisukuma, pamoja na lahaja ya Ntuzu inayosikika Bariadi, ni lugha ya toni. Irving Richardson alionyesha mwaka 1959 jinsi toni ya juu inavyoweza kusikika mbele ya silabi inayoimiliki. Kiswahili hakina toni ya namna hiyo. Kina mkazo, na mkazo wake karibu kila mara huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Je, manju anapoingiza maneno ya Kiswahili katika wimbo wa Kisukuma, sauti hufuata lugha ipi? Na anapotunga wimbo mzima kwa Kiswahili ili aeleweke na mgeni wa serikali, anapoteza nini? Dhana yangu ni kwamba anapoteza mwongozo wa ndani wa mahadhi, na analifidia pengo hilo kwa takriri na kwa ngoma. Dhana hii inapimika. Inahitaji kinasa sauti, subira na mtu anayejua lugha zote mbili.

Tatizo ni kwamba maarifa yetu yamehifadhiwa kwingine. Uchunguzi wa Richardson uko katika Kiingereza. Kazi ya Herman Batibo juu ya fonolojia na mofolojia ya Kisukuma, ya mwaka 1985, iko katika Kifaransa. Kitabu cha Frank Gunderson cha mwaka 2010, chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300, kilichapishwa Leiden. Naziheshimu kazi hizi zote. Hata hivyo, mjukuu wa manju anayesoma sekondari Maswa au Itilima atafika kwenye maelezo ya nyimbo za babu yake kwa kupitia lugha ya kigeni.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina. Tumechota humo “ikulu” na “mtemi”, maneno ya utawala. Maneno ya sanaa tumeyaacha. “Mbina” tunaifasiri “ngoma” na tunatulia; “wigashe”, ngoma ya kuketi ambayo jina lake latokana na kitenzi cha kukaa, haimo katika istilahi tunazofundisha.

Kwa wanafunzi wa uzamili waliomo ukumbini nina pendekezo. Msimu ujao, nendeni Simiyu wawili wawili, mmoja mjuzi wa Kisukuma. Simameni kati ya pande mbili. Nasini nyimbo kwa ruhusa ya wenyewe, andikeni jina la mtunzi kama mnavyoandika jina la mshairi yeyote, wekeni alama za toni, kisha andikeni ni wakati gani watu walihama na ni neno gani lilikuwa likiimbwa walipohama.