Hesabu ya Nchi Moja

Chukueni daftari zenu, mwandike juu neno hili moja: WAPI?

Nyote mwaijua M-Pesa. Kazi hii ya kupeleka fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007. Wakati huo watu wengi wa Kenya hawakuwa na akaunti ya benki. Aliyetaka kumpelekea mama yake fedha kijijini alimpa dereva wa basi au jamaa anayesafiri. Simu ikaondoa taabu hiyo, na kwa muda mfupi wateja wakawa mamilioni.

Mtu akiitazama Kenya peke yake atasema, "Kitu hiki kitashinda kila mahali." Je, ni kweli? Ngojeni kidogo.

Mwaka 2010 kampuni ya Vodacom iliipeleka M-Pesa Afrika Kusini. Ilitumaini kupata wateja milioni 10 katika miaka mitatu. Mwaka 2016 ikaifunga. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 1, lakini walioitumia hasa walikuwa 76,000 tu. Pigeni hesabu: katika kila watu 100 waliojiandikisha, watumiaji hawakufika 8.

Sababu ni nini? Huko watu wengi walikuwa na akaunti za benki tayari, na maduka makubwa nayo yalikuwa yakipeleka fedha. Asiye na kiu hanunui maji.

Basi atazamaye Afrika Kusini peke yake atasema, "Kitu hiki hakifai." Huyo naye amekosea, maana mwaka huo huo Wakenya na Watanzania kwa mamilioni walikuwa wakiitumia.

Kwa nini nawaambia haya? Siku moja mtu atakuletea chombo kipya, akuambie, "Nchi fulani wamenunua milioni!" Atataka utoe akiba yako ufungue duka la kukiuza. Kabla hujatoa hata shilingi, muulize mambo matatu:

1. Wamenunua wapi, na nchi nyingine je?
2. Katika hao walionunua, wangapi wanakitumia hata leo?
3. Shida waliyokuwa nayo wale, sisi tunayo?

Asipoweza kujibu, funga mkoba wako.

Zoezi: Chagua chombo kimoja kinachouzwa kijijini kwenu. Andika majibu ya maswali hayo matatu, kisha msomee mwenzako.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.