ADN ya ndagala: tunachoweza kudai



Leo naongea juu ya ndagala. Musicheke. Ndagala kavu nzima, mama yeyote wa hapa anaitambua kwa macho. Lakini ikishasagwa kuwa unga wa kutia kwenye uji wa watoto, nani anajua kilichomo?

Hapo njo kazi ya ADN. Kila kiumbe kina maandishi yake ndani ya chembe zake, na hayafutiki yote hata samaki akikauka juani. Labo inachukua unga kidogo, inasoma sehemu fupi ya maandishi hayo, inayalinganisha na ya samaki wanaojulikana. Njia hii Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, waliipendekeza mwaka 2003. Januari 2013, Ireland ilitangaza matokeo ya hamburger 27 zilizouzwa kama nyama ya ng'ombe: 10 zilikuwa na ADN ya farasi, 23 ya nguruwe. Haikuwa habari ya sumu, ilikuwa uongo tu, na Ulaya ikatikisika.

Sasa tusidanganyane. ADN haioni mchanga. Haioni dawa ya nzi iliyopuliziwa samaki. Haisemi kama kilo yako imepunguzwa. Hiyo ni kazi ya mizani.

Na kwao na samaki je? Mwaka 2019, Els De Keyzer wa Leuven, Ubelgiji, na wenzake walitoa utafiti wa ADN ya ndagala wa Tanganyika. Hawakukuta makundi yaliyotengana: ndagala wa kaskazini na wa kusini ni kama ukoo mmoja. Kwa hiyo mtu akikuuzia kifuko «ndagala ya Fizi, imehakikishwa kwa ADN», mwambie aende zake. Kipimo kinaweza kusema ni ndagala. Hakiwezi kusema ilivuliwa Baraka ao Kigoma.

Kwangu mimi, jibu hilo ni kubwa kuliko habari ya kifuko. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani toka 15 Mei mpaka 15 Agosti. Kama samaki ni ukoo mmoja, nchi moja ikifunga na jirani akaendelea kutupa nyavu, mvuvi aliyekaa na njaa miezi mitatu anapumzisha samaki wa mwingine. Burundi, Kongo, Tanzania, Zambia: ni kufunga pamoja, na mvuvi awe na cha kula.

Watatuambia Kongo haina uwezo. Mwaka 2024 virusi vya mpox vya Kamituga, hapa hapa Sud-Kivu, vilisomwa ADN yake, na Wakongomani walikuwa ndani ya kazi hiyo. Kama tunaweza kusoma virusi, unga utatushinda nini?

Tunaiomba leta, kupitia OCC, ichukue unga wa samaki unaouzwa sokoni na ule unaogawiwa kambini, iupime, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili. Wakimbizi wa Burundi wako Lusenda toka 2015. Nao wana haki ya kujua watoto wao wanakula nini. Na gharama isiwekwe kwenye beseni ya mama muuzaji. Yeye ananunua tu kwa wengine.

Barua tunaiandika Jumamosi. Mwenye Kifaransa cha ofisi aje. Diploma zetu si zimelala tu nyumbani?