Pumba Tunazozitupa na Afya ya Matumbo Yetu



Dini yetu inatutaka tule kilicho halali na kilicho chema. Juu ya uhalali wa chakula twauliza sana, na ni vizuri. Lakini juu ya wema wake kwa mwili, wengi wetu hatuulizi neno.

Ndani ya utumbo mpana wa kila mwanadamu wanaishi bakteria wengi mno. Walio wengi si maadui, bali ni watumishi wetu, na mtumishi hana budi kulishwa. Sukari na unga mweupe humeng'enywa na kufyonzwa karibu vyote katika utumbo mwembamba. Kinachowafikia bakteria ni makapimlo, yaani nyuzinyuzi za mimea ambazo miili yetu haiwezi kuzimeng'enya. Wao huzichachusha na kutoa asidi, mojawapo ikiitwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Mwaka 1995 wataalamu Glenn Gibson na Marcel Roberfroid walikiita chakula cha bakteria hao wema pribayotiki.

Jambo hili huanza tangu uchanga. Maziwa ya mama yana aina za sukari ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya. Kazi yake mojawapo ni kuwalisha bakteria wa utumboni mwake. Subhanallah!

Je, sisi wakubwa twawalisha nini? Mahindi yakikobolewa kuwa sembe, pumba hupewa kuku na ng'ombe, nasi hubakiwa na wanga mtupu. Kisha twalalamika kufunga choo.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mmoja. Wamarekani Weusi 20 na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishiwa vyakula kwa majuma mawili. Wamarekani walipewa mlo wa kijijini wenye makapimlo mengi na mafuta machache, na butireti matumboni mwao ikaongezeka. Wanavijiji walipewa nyama na mafuta mengi, nayo ikapungua, na dalili zinazohusiana na hatari ya saratani ya utumbo mpana zikazidi. Majuma mawili tu!

Basi ndugu zangu, dawa hii haiuzwi kwenye chupa za bei ghali. Ipo katika ugali wa dona, kunde, maharage, choroko, ndizi mbichi za kupika, kitunguu maji na kitunguu saumu. Kitunguu kipikwe, ili tusiwaudhi wenzetu katika safu za sala. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau gramu 25 za makapimlo kila siku. Na tunapoandaa futari, sahani ya kunde isikose mezani penye vyakula vya kukaanga.

Lakini tuongeze kidogo kidogo, pamoja na maji ya kutosha, kwani tumbo lisilozoea hujaa gesi. Mwenye maradhi ya tumbo aanze kwa kumwuliza daktari. Na anayeona damu katika choo, au choo kilichobadilika kwa majuma kadhaa, asijitibu kwa kunde. Aende hospitali bila kuona haya.

Miili yetu ni amana. Mwenyezi Mungu atujaalie kuitunza, na atupe afya ya kumwabudu na kuwatumikia viumbe wake. Amin.