Jumba la Bwana Shamba Limetunzwa, Kambi ya Manamba Iko Wapi?

(Haya ndiyo niliyozungumza kwenye kikao cha ndani cha vijana wa chama, Kasulu mjini, kilichojumuisha wenzetu wa Kibondo. Wengi ambao hawakufika wameniomba niyaandike, nami nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)



Nimepewa dakika kumi na tano, sitazimaliza. Najua mlitegemea nizungumzie uandikishaji wa wanachama. Nitafika huko. Naomba kwanza niwapeleke Nairobi kidogo.

Nilikwenda kwenye mafunzo ya vijana, na siku ya mwisho wenyeji wetu wakatutembeza kwenye makumbusho ya Karen Blixen, chini ya vilima vya Ngong. Ni nyumba ya mawe yenye paa la vigae na baraza pana, iliyojengwa mwaka 1912. Mama huyo wa Kidenmaki aliishi huko akiendesha shamba la kahawa hadi mwaka 1931, lilipofilisika likauzwa. Baadaye akaandika kitabu, na mwaka 1985 Wamarekani wakatoa filamu yake. Mwaka uliofuata nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Jamani, bustani ile ni nzuri, nisiwafiche. Majani yamekatwa sawasawa, miti mikubwa, maua kila upande, vilima vinaonekana kwa mbali. Na kale kabaridi ka asubuhi, nikajiona niko Heru Juu. Ndani kuna vitabu, ngozi za simba, meza ya chakula imeandaliwa kama vile mwenyewe anarudi jioni. Nje wameweka mitambo ya zamani ya kahawa. Mtembezaji wetu alikuwa binti hodari, anajua kazi yake.

Nikamuuliza, "Dada, wafanyakazi walilala wapi?"

Akanionyesha kwa mkono, kule nje ya uzio. Akasema walikuwa wanaishi huko shambani. Nikatazama. Kuna nyumba za watu wa sasa, wenye uwezo, na mageti yao. Hakuna kibanda hata kimoja kilichobaki.

Nisiwaonee. Makumbusho yale yanawataja Farah, Msomali aliyesimamia nyumba, na Kamante, mpishi. Lakini shamba lilikuwa na ekari kama 6,000, na familia nyingi za Wakikuyu zilikuwa zikiishi humo kama maskwota. Sheria ya mkoloni ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie kazi bwana shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Nusu ya mwaka, ndugu zangu! Tena wengine kwenye ardhi waliyoijua kuwa ya baba zao. Na shamba lilipouzwa, wakaambiwa wahame. Mama yule, haki yake tumpe, aliwahangaikia wapate mahali pa kwenda pamoja. Lakini kiti chake kipo, kitanda chake kipo. Vya kwao viko wapi?

Sasa mtaniuliza, Kenya inatuhusu nini sisi Waha?

Inatuhusu. Pale kwenye majani nilimkumbuka babu yangu.

Babu alitoka Kibondo akiwa kijana kuliko wengi mlioko humu. Kodi ya kichwa ilikuwa inadaiwa, na huku kwetu hapakuwa na mahali pa kuipata hela. Mkoloni hakutaka huku pawe na mahali pa kuipata. Uha ilifanywa ghala la vibarua. Mashamba yaliwekwa Tanga na Morogoro, watu wakatolewa Kasulu na Kibondo. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU, na nyanda hizi zetu zilikuwa moja ya visima vyao vikubwa. Babu akapakiwa lori hadi Kigoma, akapanda treni ya Reli ya Kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, akateremshwa Kimamba, Kilosa. Akapewa namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Jina la mzazi wako linabaki nyumbani, shambani wewe ni namba.

Akapewa na kadi, kipande. Siku 30 za kazi, uzimalize ndani ya siku 42, ndipo upate mshahara. Ukiugua, shauri yako. Alikata mkonge, akifunga majani thelathini kila fungu, na miiba yake aliibeba mkononi mpaka kaburini. Mimi mwenyewe nimeishika ile mikono, makovu yalikuwa kama maandishi.

Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru tulikuwa tunauza nje zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mkonge ule ndio ulioleta fedha za kigeni. Kwa hiyo mtu akikuambia Kigoma haijachangia kitu kwenye nchi hii, mwambie kwa upole akaulize Kimamba, akaulize Korogwe, nani alilisha korona zile.

Lakini niambieni, kambi ya manamba imehifadhiwa wapi? Hapa Kasulu, hapo Kibondo, kuna hata kibao kinachosema kutoka hapa walipelekwa watu? Mimi sijakiona. Na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Historia ya manamba ni ya baada ya hapo. Mpaka Waziri aitangaze sehemu kuwa ya kumbukumbu. Na Waziri hawezi kutangaza asichokisikia.

Wengine mtasema haya ni mambo ya wazee, sisi tunataka ajira, barabara na bei ya maharage. Nakubaliana nanyi kuhusu hayo yote. Lakini sikilizeni kilichonipata wakati wa kurudi.

Basi letu lilisimamishwa njiani usiku. Tukashushwa wachache. Mimi, mama mmoja wa Kakonko na vijana wawili. Kitambulisho. Unatoka wapi? Babu yako alizaliwa wapi? Taja mto wa kijijini kwenu. Nikajibu yote. Yule mama kitambulisho chake kilikuwa bado hakijatoka. Alisimama kwenye baridi na mtoto mgongoni, akieleza uraia wake kwa Kiswahili chenye lafudhi yetu, na lafudhi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa kosa lake.

Naelewa tuko mpakani, tunaishi na wakimbizi, tumewapokea miaka mingi kwa moyo. Ukaguzi uwepo. Lakini nilisimama pale nikawaza: babu aliulizwa kipande, mimi naulizwa kitambulisho. Alipohitajika kukata mkonge, hakuna aliyemuuliza kama ni Mtanganyika kweli. Mjukuu wake akipanda basi, ndipo swali linakuja.

Ndugu zangu, asiye na kumbukumbu iliyoandikwa huulizwa kila siku yeye ni nani. Kwa hiyo naomba tufanye mambo matatu.

La kwanza, kila tawi limtafute mzee mmoja aliyekuwa manamba, au mjane wake, au mtoto wake. Simu mnazo. Mrekodini: jina, kijiji, shamba alikokwenda, mwaka. Mkiona kipande cha zamani, kipigeni picha, mwacheni nacho mwenyewe. Msimwombe kadi ya chama. Hata akiwa wa chama tawala, yule ni babu yetu.

La pili, madiwani wetu wapeleke hoja kwenye halmashauri zote mbili: kuwe na chumba kimoja tu, hata kwenye jengo la zamani la serikali, cha kumbukumbu ya manamba. Na bustani iwepo, kwa nini isiwepo? Ipandwe na mche mmoja wa mkonge katikati, watoto wa shule wauguse waone unavyochoma.

La tatu, na hapa ndipo uandikishaji unapoingia. Mnapopita nyumba kwa nyumba, msianze na kadi. Anzeni na swali: hapa nani alikwenda mkonge? Kaeni, msikilize. Mwenye nyumba akiona mmekuja kumsikiliza, ya kadi mtazungumza baadaye.

Mzee wangu wa Kibondo hakuacha baraza wala meza iliyoandaliwa. Aliacha namba, na sisi. Namba hiyo naikumbuka. Wiki ijayo naanza kurekodi, na wa kwanza ni bibi yangu.