Nyama ya Moshi: Moto Mdogo na Subira Nyingi

Wasikilizaji, mtu aliyekulia Nairobi, Arusha au Mombasa anapohamia Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, huamini kwamba katika mambo ya nyama na moto hana la kufundishwa. Amezoea nyama choma ya mbuzi, na mishkaki inayobanikwa jioni kando ya njia. Lakini amwonapo jirani akiwasha moto alfajiri kwa ajili ya nyama itakayoliwa magharibi, ndipo anapotambua kwamba hapo pana elimu nyingine.

Tofauti iko katika moto wenyewe. Nyama choma huiva kwa joto kali la makaa yaliyo chini yake. Nyama ya moshi huwekwa mbali na makaa, ndani ya jiko lililofunikwa, katika joto la nyuzi 107 hadi 135 za Selsiasi, yaani 225 hadi 275 katika vipimo vya Kimarekani. Huachwa humo saa nyingi, ikiiva kwa hewa ya moto na moshi wa kuni.

Mapishi haya yalizaliwa kwa haja. Watu wa Texas hupenda zaidi kidari cha ng'ombe, nyama ya kifuani ambayo mnyama huitumia sana anapotembea na kusimama. Imejaa nyuzi ngumu za kolajeni, na ikichomwa haraka haitafuniki. Ikipashwa moto polepole, kolajeni huyeyuka ikawa ute laini, na nyama iliyokuwa ya bei ndogo ikawa ya heshima.

Asili ya neno "barbecue" inanasibishwa na "barbacoa", neno la wenyeji wa visiwa vya Karibi ambalo Wahispania walilichukua. Lakini katika majimbo ya kusini mwa Marekani, waliokesha kando ya mashimo ya moto, wakiandaa karamu za mabwana zao, kwa sehemu kubwa walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Tarehe 19 Juni 1865, tangazo la uhuru wao lilisomwa mjini Galveston, Texas. Siku hiyo, ambayo tangu mwaka 2021 ni sikukuu ya taifa zima, huadhimishwa hadi leo kwa nyama ya moshi. Huko Kansas City, ni Mmarekani mweusi, Henry Perry, aliyeifanya nyama hiyo kuwa biashara mashuhuri mwanzoni mwa karne ya 20. Wachinjaji wenye asili ya Ujerumani nao waliacha alama yao katikati ya Texas: duka la Kreuz Market mjini Lockhart lilianzishwa mwaka 1900, na kidari cha huko hupakwa hasa chumvi na pilipili manga.

Anayetaka kujifunza nyumbani hahitaji jiko la gharama. Jiko la mkaa la mviringo lenye mfuniko latosha. Makaa hurundikwa upande mmoja, nyama huwekwa upande wa pili, na chini yake huwekwa chombo cha maji ili joto litulie. Juu ya makaa huongezwa vipande viwili vitatu vya kuni ngumu na kavu, kama vile mwaloni au meskiti, mti ulio jamaa ya mathenge ajulikanaye sana Baringo, Kenya. Msonobari haufai, kwa kuwa utomvu wake hutia nyama uchungu. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ni sumu.

Moshi mzuri ni mwembamba, wenye rangi ya samawati. Moshi mzito mweupe ni dalili kwamba moto haupati hewa ya kutosha. Matundu ya jiko ndiyo usukani: yakifunguliwa, joto hupanda, yakizibwa kidogo, hushuka. Mfuniko usifunuliwe kila mara, kwani kila ufunuliwapo joto hukimbia.

Mtihani wa mwanafunzi huja katikati ya safari. Joto la ndani ya kidari likifika baina ya nyuzi 65 na 75, hukwama, pengine kwa saa kadhaa. Unyevu unaotoka juu ya nyama huipoza kama jasho linavyompoza mkulima shambani. Hapo wengi hutaharuki, wakaongeza makaa, na mwisho wake nyama hukauka. Mjuzi hungoja, au huizungushia nyama karatasi ya buchani. Kidari huwa tayari kinapokaribia nyuzi 95, na kijiti kikipenya bila kushindana. Hupumzishwa kwa saa moja kabla ya kukatwa, kisu kikipita kukingama na nyuzi zake.

Anayeanza na aanze na mapaja ya kuku, yaivayo kwa saa mbili hivi. Kipimajoto kisikosekane: nyama ya kuku yapasa ifike angalau nyuzi 74 ndani, kwani rangi ya moshi hudanganya macho.

Liko onyo lisilosamehe uzembe. Mkaa unapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Wakati wa baridi kali ya Februari 2021, umeme ulipokatika Texas, baadhi ya familia ziliingiza majiko ya mkaa ndani ili zipate joto. Mamia ya watu walidhurika na gesi hiyo, iliyotoka katika majiko, magari na jenereta, na wengine walipoteza maisha. Jiko hili mahali pake ni nje, mbali na madirisha, wala gereji iliyofunguliwa mlango si salama. Hata makaa yanayoonekana kuzimika yasiingizwe ndani.

Mwenye asili ya Oman hatayaona haya kuwa mageni kabisa, kwani shuwa ya sikukuu hufukiwa katika tanuri la ardhini kwa siku nzima au mbili, na hakuna aihimizaye. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Na hapa mbivu hiyo huletwa mezani baada ya magharibi, jamaa wote wakiwa wamekwisha kukusanyika.