Faida na Rasilimali: Malezi ya Sauti ya Soprano



Watu wengi huidhani sauti ya mwimbaji wa opera kuwa ni karama tupu, itokayo kwa Mwenyezi Mungu ikiwa imekwisha kukamilika, na mwenyewe asiwe na kazi ila kufumbua kinywa. Mimi siikanushi karama. Lakini nadai mbele yenu jioni hii ya kwamba kinachomdumisha soprano jukwaani kwa miongo mitatu ni kujua asichopasa kuimba, na kujizuia hata pale hadhira inapomsihi ajitoe mzima mzima. Shahidi wangu ni Leontyne Price wa Marekani, ambaye kwa maoni yangu hakuna soprano wa karne ya ishirini aliyeitunza amana yake kwa busara kumpita.

Alizaliwa tarehe 10 Februari 1927 katika mji wa Laurel, jimbo la Mississippi, baba yake akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, na mama yake mkunga aliyeimba katika kwaya ya kanisa. Utotoni alipelekwa Jackson kumsikiliza mwimbaji Marian Anderson, na tangu siku ile akaazimia kuimba. Hata hivyo alikwenda kusoma Wilberforce, Ohio, kwa nia ya kuwa mwalimu wa muziki, maana zama zile ualimu ndio uliokuwa riziki ya yakini kwa binti mweusi mwenye elimu. Alipohitimu mwaka 1948 akaingia chuo cha muziki cha Juilliard, New York, na huko akakabidhiwa kwa mwalimu Florence Page Kimball.

Hapa naomba stahamala yenu, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mafunzo ya soprano huanzia katika pumzi: mwanafunzi huivuta mpaka mbavu za chini zikatanuka, kisha, badala ya kuiachia, huishika kwa misuli ya mbavu na tumbo isitoke ila kidogo kidogo, kwani pumzi nyingi ikisukumwa kwa kishindo huzichosha na kuziumiza nyuzi za sauti. Na nyuzi zenyewe ni kitu gani? Kwa mwanamke hazifiki urefu wa sentimita 2, nazo katika do ya juu hutikisika zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde moja. Kwa viungo hivyo dhaifu, pasi na kipaza sauti, mwimbaji hutakiwa asikike hadi kiti cha nyuma cha ukumbi kama Metropolitan wa New York, wenye viti takriban 3,800, ilhali okestra nzima inavuma baina yake na wasikilizaji. Kushindana nayo kwa nguvu ni muhali. Kwa hiyo hufundishwa kuushusha utaya na kukipanua kinywa kila noti inavyopanda, ili uwazi wa kinywa uitikie noti ile ile na kuikuza. Na ndiyo sababu huko juu kabisa irabu hukaribiana hata msikilizaji asiweze kuitenga "i" na "a", jambo ambalo wasiojua huliita uzembe wa matamshi.

Kimball alimwusia mwanafunzi wake aimbe kwa faida, asiiguse rasilimali. Wasia huo Price aliushika umri wake wote, na haukuhusu koo peke yake. Mwaka 1958 Metropolitan ilipomwita aje aimbe Aida, alikataa, kwa nasaha ya kiongozi wa muziki Peter Herman Adler, aliyeona kuwa haifai msanii wa daraja lake aingie jumba lile kwa mara ya kwanza akiwa katika sura ya mtumwa. Hebu pimeni uzito wa kukataa huko kwa mwimbaji kijana mweusi, ambaye miaka mitatu nyuma baadhi ya vituo vya televisheni vya kusini vilikataa kuonyesha opera ya Tosca aliyoiimba! Akaenda kuimba Vienna chini ya kiongozi wa okestra Karajan, na mwaka 1960 katika jumba la opera la La Scala. Na alipoingia Metropolitan tarehe 27 Januari 1961 aliingia kama Leonora, bibi wa nasaba, katika Il trovatore, akashangiliwa kwa muda wa zaidi ya nusu saa.

Vuli ya mwaka uo huo alifungua msimu kwa La fanciulla del West ya Puccini, na katika onyesho mojawapo sauti ikamwishia, hata tendo la tatu likamaliziwa na mwimbaji mwingine. Akapumzika, na tangu hapo akazidi kuchagua.

Tarehe 3 Januari 1985 aliiaga opera kwa Aida, akiwa na umri wa miaka 57, sauti ingali yake. Na mwaka 2001, akiwa na miaka 74, aliimba tena Carnegie Hall. Marian Anderson, yule ambaye Price alimsikiliza utotoni, naye alikuwa na miaka 57 aliporuhusiwa, Januari 1955, kuwa mwimbaji mweusi wa kwanza wa Metropolitan, upeo wa sauti yake ukiwa umekwisha kupita. Yeye hakupewa khiyari ya kuchagua wala kukataa, kwani mlango ulifungwa kwa sababu ya rangi yake, na hasara ya miaka ile iliyopotea siioni ikilipika kwa makofi yoyote aliyopigiwa baadaye.