Debe la Mbegu ya Viazi

(Maneno tuliyosema katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Tulipoombwa tuseme machache juu ya amani, kwanza tulisita. Neno hili limesemwa sana katika mabaraza mpaka watu wanasinzia likitajwa. Chifu hulisema, mwanasiasa hulisema, hata yule anayepanga fujo usiku hulisema mchana. Basi leo tutaongea habari ya debe.

Sisi tulilelewa upande wa Molo, katika shamba dogo la viazi, mahindi na pareto. Nyumbani ni Wakikuyu. Ng'ambo ya kijito majirani walikuwa Wakalenjin. Tunayataja makabila wazi kwa sababu tukiyaficha hamtaielewa habari yenyewe. Asubuhi mama akikuta moto umezimika jikoni, alitutuma ng'ambo na kigae tukaombe kaa la moto. Mama wa nyumba ile tulimwita Kogo, yaani nyanya, kama wajukuu wake walivyomwita. Tukifika hapo hatukuondoka bila kuonja mursik, na tukichelewa mama alijua kwa nini. Kogo naye alituma wajukuu kwetu waombe chumvi, au panga, au ungo. Hakuna aliyeandika daftari, lakini mama alijua jembe letu liko kwa nani na vikombe vya sukari tunadaiwa na nani. Na deni halikwisha kabisa. Ukirudisha sukari leo, leo hiyo hiyo unaomba kiberiti. Baadaye tulipokwenda kusomea kazi ya jamii tulifundishwa maneno marefu juu ya jambo hili. Mama na Kogo walilijua bila cheti.

Mwezi wa Oktoba 1991 mapigano yalianza huko Meteitei, upande wa Nandi. Tuliyasikia kama mambo ya mbali. Mwaka 1992 yakaenea mpaka Burnt Forest, Londiani, Olenguruone na kwetu Molo. Hapo nchi ilikuwa inaelekea uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, na ardhi yetu ikageuzwa kuwa maneno ya kura. Askofu wa Nakuru wakati huo, Ndingi Mwana a'Nzeki, alisema waziwazi kwamba watu wanauawa na walio wakubwa wanatazama. Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi.

Sasa tusikilizane vizuri hapa. Kabla moto haujafika kijijini kwetu kulikuwa na dalili, nayo haikuwa kelele. Watu waliacha kuombana. Vitu vikaanza kurudi. Jirani mmoja alileta jembe aliloazima tangu wakati wa kupalilia, akaliegemeza ukutani, akaenda zake bila kunywa chai. Mwingine akatuma mtoto adai msumeno wake. Mama akasema, "Hawa wanafunga hesabu." Hatukumwelewa. Kogo peke yake hakurudisha kitu. Alikuwa amekopa kwetu debe zima la mbegu ya viazi.

Tulikimbia usiku na blanketi mbili na sufuria yenye githeri. Nyumba ikachomwa. Tukalala uwanjani mwa kanisa, chini ya karatasi za nailoni, miezi mingi kuliko tulivyodhani. Na hapo uwanjani ndipo tuliposikia kwamba kijana wa Kogo alionekana kati ya wale waliokuja. Wengine walisema alilazimishwa. Mama hakutaka kusikia alilazimishwa na nani.

Tulirudi shambani mwaka 1995. Nyasi zilikuwa zimeota ndani ya msingi wa nyumba. Siku ya tatu tukamwona Kogo anavuka kijito na debe kichwani, limejaa mpaka limefanya kilima juu. Akalitua mbele ya mama. Mama alikuwa anapepeta maharagwe, hakuinua uso. Kogo akakaa chini kwenye majani, mtu mzima vile, akasema, "Hii ni ile ya kwenu. Nimekuwa nikiipanda kila msimu isije ikaharibika."

Ninyi wakulima mnajua. Mbegu ya viazi haiwekwi miaka mitatu ghalani, usipoipanda inaoza. Kwa hiyo mama yule alikuwa amelilima deni letu msimu baada ya msimu, akivuna, akichagua mbegu, akirudisha udongoni, hali hajui kama tuko hai.

Mama alinyamaza sana. Mwisho akasema, "Debe langu lilikuwa na tobo pembeni. Hili si langu." Kogo akajibu kwamba lile liliisha kwa kutu. Mama akaanza kucheka, kicheko cha hasira, kikageuka kilio. Sisi watoto tulingoja aseme amesamehe. Hakusema. Alisema tu, "Chai yetu haina maziwa." Kesho yake maziwa yakaja. Habari ya yule kijana haikutajwa siku ile, na kwa miaka mingi alipita njia ya juu asikutane naye.

Tusiwadanganye, debe halikumaliza mambo. Baada ya kura ya Desemba 2007 tulikimbia tena. Nchi nzima walikufa watu zaidi ya 1,100 na mamia ya maelfu wakahama makwao, mpaka wakubwa wakatia sahihi makubaliano tarehe 28 Februari 2008 mbele ya Kofi Annan. Tuliporudi safari hiyo, ng'ombe wetu wawili tuliwakuta hai zizini kwa Kogo. Aliyewaswaga mpaka pale usiku ni yule yule kijana, sasa mtu mzima mwenye watoto. Kuku hawakuonekana. Hatukuuliza habari ya kuku.

Baada ya hapo sisi wahudumu wa jamii tulifanya kosa ambalo lazima tulikiri. Tuliita semina za amani, moja baada ya nyingine. Watu walikuja, wakaketi upande huu kabila hili, upande ule kabila lile, wakanywa soda, wakatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, wakarudi nyumbani. Ripoti zetu zilikuwa nzuri sana. Lakini ukipita kijijini jioni, hakuna mtoto aliyetumwa chumvi ng'ambo.

Kilichotufungua macho ni kikundi kimoja cha akina mama walionunua mashine ya kusaga unga. Kwa kutoaminiana walitia kufuli mbili mlangoni, ufunguo mmoja ukae kijiji hiki, wa pili kijiji kile. Sisi tuliona ni aibu, tukataka kuwashauri waitoe moja. Bahati nzuri hawakutusikiliza! Kura za 2017 zilipokaribia, mshika ufunguo mmoja aliambiwa na watu wake asiende. Mashine ikalala siku mbili. Siku ya tatu wazee wa pande zote walikuwa mlangoni kwake, maana watoto wanataka ugali, na mahindi ya kijiji kile yako ndani ya chumba kile kile na ya kijiji hiki. Akatoka na ufunguo. Hapo mlangoni walisemezana maneno makali ambayo katika semina zetu hakuna aliyethubutu kuyasema.

Wenzetu wa Wajir walilijua hili mapema. Mwaka 1992 na 1993 koo zilipigana huko kiasi kwamba mama wa ukoo huu hakuweza kumuuzia maziwa mama wa ukoo ule. Akina mama wachache, kati yao Dekha Ibrahim Abdi, walianza kuongea baada ya kukutana arusini. Hawakuanzia kwenye hotuba. Walianzia sokoni: kwamba mwanamke yeyote wa ukoo wowote aingie, auze, anunue, na kamati ya akina mama wenyewe iangalie jambo hilo kila siku. Ndipo wakawafikia wazee na vijana, na mwaka 1993 wazee wakakubaliana Azimio la Al Fatah. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki 2011.

Basi tunawaomba jambo dogo. Mkirudi vikundini, fungueni daftari la mikopo, lakini msiangalie pesa tu. Angalieni nani amemdhamini nani. Ikiwa wa kabila moja wanadhaminiana wenyewe kwa wenyewe, liwekeni mbele ya mkutano, hata kama marejesho ni mazuri. Na ikiwa msimu wa kura watu wanaanza kulipa madeni yao kabla ya wakati, msipige makofi haraka. Tumeni mtu aulize kuna nini. Sisi tukiitwa tutakuja, hata kama ni usiku.

Kogo ametutoka. Mama yuko, macho yamefifia, na mbegu anaichagua kwa vidole. Msimu uliopita yule kijana, ambaye kichwa chake sasa ni cheupe, alivuka kijito mwenyewe kuomba mbegu. Mama alimuuliza kama anataka debe zima au nusu. Akasema nusu. Mama akamwambia hajui kupima nusu kwa macho haya, achukue zima, na alirudishe debe lenyewe kabla ya mavuno kwa sababu ndilo hilo hilo la kutekea maji.

Bado halijarudi, na mama hajatuma mtu kulidai.